Uzi: Unafanya kazi Nairobi, unataka nyumba Machakos, Kajiado au Kiambu? Chunguza ardhi kwanza, vigae baadaye

Karani wa Masijala (mwanzisha uzi)

Wadau, haipiti wiki bila mtu kuuliza hapa: "Nina milioni nne na nusu, ninunue nyumba wapi?" Majibu huwa ni majina ya mitaa. Mmoja anasema Kitengela, mwingine Juja, wa tatu anaapa kwa Joska, na mwisho wake ni mabishano. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa mjini. Mafaili ya ununuzi hupita mikononi mwangu kuanzia mkataba hadi hati mpya inapotoka, na nyumba yangu mwenyewe iko upande wa Katani, kaunti ya Machakos. Naandika kwa sababu inaniuma kuona mtu aliyejinyima miaka mingi akipoteza kila kitu kwa jambo ambalo lingejulikana asubuhi moja tu masijala ya ardhi.

Kwa nini watu wanahama jiji sote tunajua. Kodi ya nyumba inapanda, na nyumba za kuuza ndani ya Nairobi zina bei ambayo mwalimu au muuguzi haikaribii. Barabara nazo zimesaidia. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, Ruiru na Juja zikawa mahali pa kulala na kuamkia kazini mjini. Mwaka huo huo stesheni ya treni ya Syokimau ikafunguliwa. Mwaka 2022 ikaja Expressway, kilomita 27 za kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.4 Kiambu, milioni 1.4 Machakos na milioni 1.1 Kajiado. Simama steji ya Kitengela saa kumi na moja alfajiri utaona wengi wao wanaelekea wapi.

Bei ya chini huko ni ya kweli, siwadanganyi. Ila kila bei ya chini ina sababu yake, na kazi ya mnunuzi ni kuijua kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikilia. Sababu ikiwa ni umbali tu, nunua. Ikiwa ni udongo, piga hesabu upya. Ikiwa ni hati, ondoka.

Hati ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo. Muuzaji atakuonyesha karatasi yenye muhuri, na broka atakuhakikishia kuwa kila kitu ni safi. Fanya sachi, yaani upekuzi rasmi wa rekodi za ardhi masijalani, na uifanye mwenyewe au kupitia wakili wako. Nakala ya sachi anayokuletea muuzaji usiitegemee. Sachi itakwambia mmiliki wa leo ni nani, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lolote juu ya ardhi hiyo. Lakini haitakwambia huyo mmiliki aliipataje. Hilo liko kwenye kadi ya kijani, rejista inayoonyesha kila mtu aliyewahi kuandikishwa tangu jalada la ardhi hiyo lifunguliwe. Omba nakala iliyothibitishwa. Ukikuta shamba lilikaa kwa mzee mmoja miaka arobaini, halafu kwa miezi michache limepita kwa watu watatu, simama hapo hapo uulize.

Wala usijifariji kwamba ulinunua kwa nia njema. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hati ya ploti ufuoni Nyali, na ilikuwa imeinunua kwa aliyeitangulia. Majaji walisema ile ardhi ilikuwa eneo la umma na mgawo wa kwanza kabisa haukufuata sheria, hivyo waliokuja baadaye hawakuwa na haki ya kulindwa, hata kama walilipa. Tangu uamuzi huo, wakili makini haridhiki na hati iliyo mezani. Anarudi nyuma hadi kwa mtu wa kwanza aliyepewa ardhi na kuuliza alipewa na nani, kwa utaratibu gani.

Watu wa Machakos hawahitaji kusimuliwa hili. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau, karibu na uwanja wa ndege, nyumba za watu waliohamia na kuweka mapazia. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Athi River, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, baada ya mahakama kuamua kwamba kampuni ndiyo mmiliki. Wengi walikuwa wamenunua kwa watu waliojitokeza kama wenye ardhi, wakapewa karatasi, wakajenga. Kwa hiyo kabla ya kuangalia jikoni, angalia jirani mkubwa ni nani. Uwanja wa ndege? Kiwanda? Reli? Nguzo kubwa za stima? Mto? Kisha nenda Survey of Kenya pale Ruaraka ukatafute ramani ya usajili ya eneo hilo, umchukue saveya wa kwako, aje kwenye ploti akuonyeshe kila bikoni, yaani alama ya mpaka. Nimeona faili ambalo hati ni halali, muuzaji ni halali, ila nyumba imejengwa kwenye ploti ya mtu mwingine, mita chache tu pembeni. Hakuna karatasi ingeonyesha hilo. Ni saveya na kamba yake.

Kama unanunua ghorofani, uliza swali moja: hati ya nyumba yangu itakuwa ya aina gani? Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya mwaka 2020 inampa mwenye nyumba ya ghorofa hati ya nyumba yake. Mjenzi akianza kuzunguka kwenye jibu hilo, umeshajibiwa.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mwalimu wa Kayole

Asante sana karani. Mimi na mke wangu tuna akiba ya sacco. Tumetembelea nyumba Kitengela, na tumetembelea ploti za futi hamsini kwa mia upande wa Joska. Ploti ni rahisi mno ukilinganisha. Si afadhali tununue ploti tujenge pole pole?

Karani wa Masijala

Mwalimu, inawezekana, na wengi wamefanikiwa hivyo. Swali langu ni moja: hiyo ploti ina hati yake, au bado iko ndani ya hati mama, yaani hati moja ya shamba zima?

Ploti nyingi za barabara ya Kangundo na za Kajiado ni shamba kubwa lililokatwa. Mpango wa kukata lazima uidhinishwe na kaunti, upate idhini ya bodi ya ardhi, saveya aweke bikoni, ramani ibadilishwe, ndipo hati za vipande zitoke. Muuzaji akikwambia hati zinatoka miezi mitatu ijayo, huenda ni kweli, ila pesa zako zikae kwa wakili hadi hiyo miezi mitatu ifike. Usizipeleke kwenye akaunti ya kampuni inayouza kwa sababu tu walikupeleka kuona ploti kwa basi na kukupa chakula cha mchana.

Jambo la pili ni hiyo bodi ya ardhi. Kama ardhi ni ya kilimo, na nyingi ya huko bado imeandikwa hivyo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka idhini ya bodi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini, mauzo ni batili. Pesa ulizolipa zinakuwa deni unalomdai muuzaji, na ukimfukuzia mtu deni mahakamani unaijua safari yake. Bodi huketi kwenye kaunti ndogo, chini ya naibu kamishna wa kaunti, kwa tarehe maalumu. Uliza tarehe mapema. Muuzaji aje na mke wake au mume wake, maana bila ridhaa ya mwenzi mauzo ya mali ya ndoa hayasimami.

Na bei ya ploti usiilinganishe na bei ya nyumba peke yake. Ongeza nguzo za stima, maji, shimo la choo, lango na ukuta. Halafu ongeza msingi. Hapo naomba mafundi waseme, mimi si mtaalamu wa udongo.

Fundi wa Kiserian

Niitike hapo. Nimejenga pande zote, Limuru kwenye udongo mwekundu na Kitengela kwenye ule mweusi, na watu wanapoteza pesa kwa kutojua tofauti.

Udongo mweusi wa pamba umejaa Kitengela, Athi River, Syokimau, Katani, Mlolongo, na sehemu za Juja na Ruiru. Kiangazi unapasuka hadi unaingiza mkono. Mvua ikinyesha unavimba. Msingi uliolazwa juu yake unainuliwa na kushushwa kila msimu, na ukuta hauna uwezo wa kuvumilia hilo. Dawa yake inajulikana: unachimba na kuutoa wote hadi ufike kwenye murram au mwamba, unajaza mawe na murram ya kushindilia, ndipo unainua msingi. Au mhandisi anachora msingi wa zege lenye nondo linalobeba nyumba nzima kwa pamoja. Njia zote mbili zinagharimu. Mahali pengine mwamba uko futi tatu chini, kwingine unachimba hadi mtu anapotea shimoni. Ndiyo maana nasema chimbeni shimo la kupima kabla ya kulipa ploti. Vijana wawili na siku moja ya kazi inatosha, na muuzaji mwenye nia njema hatakataa.

Anayenunua nyumba iliyokwisha jengwa asome kuta. Nyufa nyembamba za plasta ndogo ndogo si kitu. Nyufa za mshazari zinazoanzia kona ya dirisha au mlango ni msingi unaocheza. Fungua na kufunga kila mlango. Unaokwama juu upande mmoja una habari ya kukupa. Angalia kama veranda imeachana na nyumba. Ukiona rangi mpya kwenye kona moja tu ya chumba, gonga hapo na uulize kwa nini. Na sakafu ya kigae ikilia tupu unapopiga kwa kisigino, tembea nyumba yote ukipiga.

Jambo la mwisho, nendeni wakati wa mvua. Si baada ya mvua, wakati wa mvua. Aprili 2024 mto Athi ulipofurika, kuna mitaa ya Athi River ambayo maji yaliingia hadi sebuleni, na ni mitaa mizuri yenye lango na mlinzi. Uliza walinzi na wenye vibanda vya karibu maji yalifika wapi mwaka huo. Watakuonyesha alama ukutani.

Na dai kuona michoro iliyopitishwa na kaunti na cheti cha kukalia nyumba. Mjenzi asiyekuwa navyo alikwepa mkaguzi, na anayekwepa mkaguzi alikwepa na nondo.

Mama Pendo wa Umoja

Hati nimeelewa, udongo nimeelewa. Mbona hakuna aliyesema maji? Mwenye kukaa na ndoo ni sisi.

Dada yangu yuko Kitengela, nyumba nzuri, hati yake anayo. Maji ya kisima cha mtaa wao yana chumvi, sabuni haitoi povu. Na si chumvi tu. Visima vingi vya Kajiado, Athi River na Rongai vina floridi nyingi, na mtoto anayekunywa hayo maji tangu mdogo meno yake yanaota madoa ya kahawia ambayo hayatoki. Kwa hiyo anaosha na kisima, na ya kunywa na kupika ananunua. Weka hiyo gharama kila mwezi kwa miaka yote utakayokaa hapo, uone kama nyumba bado ni rahisi. Ningekuwa nanunua, ningebeba chupa ya maji ya bomba la hiyo nyumba nikayapime maabara kabla ya kuzungumza bei.

Halafu shule. Na kliniki inayofunguliwa usiku. Na nauli mvua ikinyesha, si nauli ya mchana wa Jumapili mliyopelekwa kuona nyumba. Mume wangu alikuwa anataka tununue haraka. Nikamwambia tupange nyumba kwanza huko huko, tuamke saa kumi na watoto tuone. Tulipanga Ruiru. Tulijua mengi ambayo hakuna broka angetuambia, mpaka tukajua ni upande gani wa reli maji yanakuja na upande gani hayaji. Ndipo tukanunua.

Karani wa Masijala

Mama Pendo, hilo la kupanga kwanza ni ushauri bora kuliko yote yaliyoandikwa hapa, na namwomba kila anayesoma alizingatie. Niongeze kwa wanaopanda treni: ya Syokimau na ya Ruiru huwaokoa wengi na foleni, lakini ina saa zake. Anayetoka kazini saa tatu usiku asiihesabu.

Kijana wa Embakasi

Samahani wadau, mimi sielewi kwa nini watu wanang'ang'ania kununua. Mtu mwenye milioni nne akiziweka kwenye bondi za serikali, riba inamlipia kodi na inabaki. Anahama anapotaka. Hakuna bikoni, hakuna floridi. Mkopo wa nyumba ni kifungo cha miaka ishirini.

Karani wa Masijala

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Nchi nzima idadi ya mikopo ya nyumba ya benki ni kama elfu thelathini tu. Wakenya si kwamba hawapendi nyumba. Riba ndiyo inawakimbiza. Chukua kalamu. Milioni 4 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 15, unalipa kama shilingi 52,700 kwa mwezi. Kwa asilimia 9.5, unalipa kama 37,300. Ukijumlisha miaka yote, tofauti ni karibu milioni 3.7. Ni nyumba nyingine hiyo, imeenda kwa riba.

Ndiyo maana namshauri anayekopa aulize benki au sacco yake kama wanatoa mikopo inayofadhiliwa na KMRC, kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba. Yenyewe haikopeshi mtu moja kwa moja. Inazikopesha benki na sacco ili nazo zitoe mikopo ya muda mrefu kwa riba isiyofika tarakimu mbili. Kuna kiwango cha juu cha mkopo na kimebadilika mara kadhaa, kwa hiyo ulizia cha sasa. Mwenye pensheni ya kazini aulize pia: kanuni za mwaka 2020 zinaruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako, isiyozidi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Mimi ningeigusa hiyo kwa tahadhari, maana uzeeni nyumba haipikiki. Na riba ya mkopo wa nyumba unayoishi inatolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka.

Na kumbuka sheria ya ajira haikubali makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Ukikaribia hapo, nyumba si ya bei yako, hata kama benki imekubali.

Ila sikubaliani nawe kwamba wote wakae na bondi. Bondi ni nzuri kwa mwenye nidhamu na asiyekuwa na watoto watatu shuleni. Mwenye nyumba akikutaka uondoke Januari, wakati wa karo, riba ya bondi haikuandalii pa kulala. Wewe bado kijana, kaa na pesa zako zikue. Mwenye familia hesabu yake ni nyingine.

Muuguzi wa Githurai

Naomba kuuliza kuhusu nyumba za serikali. Nakatwa ushuru wa nyumba kila mwezi, asilimia 1.5 ya mshahara. Si ni afadhali nisubiri hizo?

Karani wa Masijala

Dada, makato hayakupi nyumba yenyewe. Ni ushuru, na mwajiri wako anaongeza 1.5 nyingine, kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Ukitaka nyumba lazima ujisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, uweke akiba ya malipo ya awali, uombe. Jisajili, haina hasara. Lakini fahamu mambo mawili. Nyingi ni za ghorofani, na huruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Kwa anayetaka pa kuishi miaka yote, hilo halina shida. Kwa anayewaza kuuza baada ya miaka mitano, lina shida.

Niko Doha

Karani, mimi niko Qatar, narudi mwakani. Kaka yangu amepata nyumba Juja, anasema nitume pesa kabla mwingine hajaichukua. Nifanyeje?

Karani wa Masijala

Usimtumie kaka. Sisemi ni mwizi, namlinda hata yeye. Tafuta wakili wako, asiwe wa muuzaji, na umpe kazi hiyo kwa jina lako. Mkataba wa kawaida wa mauzo hapa kwetu ni asilimia 10 mwanzo, na iliyobaki ndani ya siku 90, wakati hati za uhamisho ziko tayari. Hiyo asilimia 10 ikae kwa wakili wa muuzaji kwa niaba ya pande zote mbili hadi mauzo yakamilike, na mkataba useme hivyo. Kama hutaweza kuja kutia saini, mpe mtu unayemwamini hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na iandikwe ni ya ununuzi wa nyumba hiyo moja tu, si ya mali zako zote. Hati itoke kwa jina lako.

Na tenga pesa nje ya bei. Ushuru wa stempu ni juu yako mnunuzi: asilimia 4 mijini, 2 vijijini, ya thamani anayoisema mthamini wa serikali. Kwa nyumba ya milioni 4.5 ni 180,000 au 90,000. Ongeza ada ya wakili na saveya. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu 2023, ni ya muuzaji. Usikubali ikuhamie kwenye mkataba kimya kimya. Na madeni ya kaunti ya ardhi hiyo yalipwe naye kabla ya uhamisho.

Hiyo ya "kabla mwingine hajaichukua" ndiyo maneno ninayoyakuta kwenye mafaili yote yaliyoharibika. Ikichukuliwa, zipo nyingine Juja.

Mwalimu wa Kayole

Nimerudi wadau. Tumeiacha Joska kwa sasa, hati bado ni mama kama karani alivyotabiri. Tumepata nyumba Athi River, vyumba vitatu. Fundi tuliyeenda naye ameridhika na kuta, na majirani wanasema mafuriko hayakufika. Shida ni moja. Muuzaji ni mjane. Hati ina jina la marehemu mume wake. Anasema kesi ya mirathi iko mahakamani na anaomba nusu ya pesa sasa alipe karo. Tumekaa naye, tumekunywa chai, anaonekana mkweli kabisa. Bei yake nayo ni nzuri. Mke wangu anataka tumsaidie.

Karani wa Masijala

Mwalimu, huenda ni mkweli kila neno. Ninakutana na wajane kama huyo mara nyingi, na shida yao ni ya kweli. Ila sheria ya urithi inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha nani anarithi nini. Barua ya usimamizi wa mirathi peke yake haitoshi. Lazima iwe imethibitishwa, na kwa kawaida hilo hufanyika miezi 6 baada ya kutolewa. Ukimpa pesa leo, akatokea mtoto wa nje au ndugu wa marehemu akapinga, wewe huna nyumba na yeye ana deni asiloweza kulipa. Utakuwa umemwongezea mzigo mtu uliyetaka kumsaidia.

Njia ipo. Mwombe namba ya kesi. Angalieni kama ombi limetangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, maana wenye pingamizi hupewa siku 30. Mwulize watoto wote ni wangapi na kama walio watu wazima wametia saini kukubali. Mahakama inaweza kuombwa iharakishe uthibitisho kukiwa na sababu nzuri, na karo ya watoto ni sababu ya kuelezwa jaji. Wakili wake aliweke hilo kwenye ombi. Uthibitisho ukitoka, nyumba iandikishwe kwake kama msimamizi, ndipo mtie saini mkataba nanyi mlipe asilimia 10 kwa wakili. Mkitaka kumsaidia na karo sasa hivi, msaidieni kwa kiasi ambacho hamtakidai, na msikiandike popote kama malipo ya nyumba.

Mwambie mkeo asivunjike moyo. Bei nzuri hapa ina sababu inayoeleweka na inayoweza kumalizika. Nitumie namba ya kesi kwa ujumbe wa faragha na uniambie ni mahakama gani. Kama ni Machakos, niko huko Jumanne kwa mafaili mengine, nitauliza imefikia wapi.